Ukionyeshwa mchoro wa mtu anayeanza

Jumamosi alasiri huwa nafundisha kuchora hapa nyumbani, Tanga. Si darasa rasmi. Ni vijana wa mtaani na watoto wa ndugu zangu. Tunakaa barazani, kila mmoja na karatasi yake na penseli, tunachora kinachoonekana: kiti, ndoo, mwarobaini wa uani, mtu aliyekaa. Hakuna rula, hakuna kuweka karatasi juu ya picha na kufuatisha mistari, hakuna kupiga miraba ya kupimia. Jicho na mkono tu. Na katika yote ninayofanya siku hiyo, gumu zaidi ni lile la mwisho, pale mtu anaponiletea karatasi yake, akasimama mbele yangu, akasubiri niseme kitu.

Nalichukulia jambo hilo kwa uzito kwa sababu nimeona linavyoweza kumjenga mtu au kumvunja. Wapo walioacha kuchora kabisa baada ya mtu mzima kuangua kicheko mbele ya wenzao. Wapo pia, na hawa ni wengi zaidi, ambao tangu utotoni hawajasikia kingine isipokuwa "mashallah, una kipaji". Hao wanaendelea kuchora, lakini ni uso uleule wenye kope ndefu, mwaka nenda mwaka rudi, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha pa kutazama. Aliyecheka na aliyesifu wote walimzungumzia mtoto. Mchoro wenyewe haukupata mtu wa kuuzungumzia.

Msimamo wangu ni huu: neno linalomfaa anayeanza ni lile linalomrudisha kwenye kile alichokuwa anakichora, akakitazame upya akiwa na swali moja tu. Maoni mengine, hata yakiwa ya kweli, mara nyingi ni ladha yangu mimi, na ladha yangu haimsaidii mtu ambaye jicho lake bado linajifunza kuona.

Binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, aliniletea mchoro wa bibi yake, yaani mama yangu mzazi, akiwa amekaa kwenye mkeka anachagua mchele. Alikuwa ameuchora kwa penseli ya HB kwenye ukurasa wa daftari kubwa. Akasema, "Shangazi, niambie ukweli. Usinisifie tu."

Sikusema kitu kwa muda. Niliuegemeza ukutani nikarudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu mchoro ukiwa mkononi unaona kope na vifungo. Ukiwa mbali unaona uzito umeegemea wapi, nini kikubwa kupita kiasi, nini kinaelea. Halafu nikamuuliza maswali kabla ya kutoa maoni yoyote. Ulikuwa umekaa wapi? Ulianza na nini? Wapi palikusumbua? Maswali haya si adabu tu. Majibu yake ndiyo yanayokuambia kosa limezaliwa wapi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, juu kidogo ya bibi. Alianza na macho. Mikono ilimshinda, akaifunika na mchele.

Hapo nilishajua mengi. Anayeanza na jicho hulichora kubwa, kwa sababu ndicho kitu pekee kwenye karatasi na hakina cha kulinganishwa nacho. Uso unafuata ukubwa wa jicho, kichwa kinafuata uso, na ikifika zamu ya mwili karatasi imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa: bibi alikuwa na kichwa kizuri kikubwa, kifua kilichobanwa, na chini ya ungo hakuna kitu. Miguu haikupata nafasi.

Makosa mengine yalikuwa wazi. Macho yalikaa juu mno, karibu na ukingo wa mtandio. Mstari wa nje ulikuwa na unene uleule kuanzia kichwani hadi chini, kana kwamba mtu mzima amezungushiwa waya. Vivuli vilisuguliwa kwa kidole hadi vikawa ukungu wa kijivu. Kanga ilikuwa bapa, na maandishi yake yamenyooka kama ya ubaoni ilhali kitambaa kimejikunja. Na ungo ulikuwa duara kamili, umesimama wima mapajani kama umetundikwa ukutani.

Lakini kulikuwa na mstari mmoja, kutoka kisogoni hadi kiunoni, ambao ulinifanya nitulie. Mama yangu mgongo umepinda kwa namna yake: mabega yanarudi nyuma kidogo, halafu shingo inatangulia mbele, na kichwa kinainama kuliko unavyotarajia. Binti aliuchora mstari ule kwa mkono mwepesi, ameurudia pembeni mara mbili tatu akiutafuta, na ameupata. Mtu yeyote wa nyumbani angemjua bibi kwa mgongo ule kabla hajafika usoni.

Nikaanza na hilo. Niliweka kidole karibu na mstari bila kuugusa, nikamwambia, "Hapa ulimwona bibi kweli. Hukuubuni mgongo huu. Angalia ulivyoutafuta mara kadhaa kabla ya kuukubali." Sifa ya namna hii si sukari ya kumezea dawa. Inamwonyesha mtu tendo alilolifanya vizuri ili aweze kulirudia. "Mchoro wako mzuri" haurudiwi, maana haumwambii afanye nini kesho. "Uliutafuta mstari kabla ya kuukaza" unarudiwa.

Kisha nikachagua kosa moja. Wengi wanaotaka kusaidia hushindwa hapa, na ninawaelewa, kwa sababu ukiona makosa kumi na unampenda mtoto, unataka kumpa yote kumi. Atakumbuka mawili, na huenda yakawa yale madogo. Mimi hufuata mpangilio: kwanza ukubwa na mahali vitu vilipokaa, kisha maumbo, kisha mwanga na kivuli, na nakshi mwisho kabisa. Watu wengi hukimbilia kuzungumzia vivuli kwa sababu ndivyo vinavyovutia macho kwenye mchoro wa penseli, lakini kivuli kizuri juu ya kichwa kilichokaa vibaya kinazidi kuliremba kosa, na mtoto anapata uchungu zaidi wa kulifuta.

Niliuchagua ungo. Uso una hisia ndani yake. Ukimwambia mtoto kwamba uso wa bibi yake umekosewa, anaweza kusikia kwamba hamjui bibi yake. Ungo hauna kesi na mtu. Na kosa la ungo ndilo lile lile la macho, ila kwenye ungo linapimika mara moja.

Nikautoa ungo jikoni, nikauweka kwenye mkeka pale alipokuwa bibi, nikamrudisha binti kwenye ngazi ya mlango.

"Ungo una umbo gani?"

"Duara."

"Haya. Nyoosha mkono, usikunje kiwiko. Shika penseli imelala, funga jicho moja. Ncha iguse ukingo wa kushoto wa ungo, dole gumba liwe kwenye ukingo wa kulia. Huo ndio upana. Sasa isimamishe penseli bila kusogeza dole. Kimo cha ungo, kutoka ukingo wa karibu hadi wa mbali, kinafika wapi?"

Alipima, akarudia. Kimo hakikufika hata nusu ya upana. Akautazama ungo, akautazama mchoro wake, ambako upana na kimo vilikuwa sawa. Sikuhitaji kuongeza neno. Alicheka mwenyewe, akachukua karatasi nyingine.

Kilichotokea kwenye ule mchoro hutokea kwa karibu kila anayeanza. Akili inajua ungo ni duara, nao mkono unaitii akili badala ya kulitii jicho. Duara lililolala, ukilitazama kutoka pembeni, jicho linaliona kuwa duaradufu, yaani kama duara lililobanwa. Kadiri linavyokuwa chini ya usawa wa macho yako ndivyo linavyofunguka; ukiliinua hadi usawa wa macho linajifunga na kuwa mstari. Ndiyo maana mdomo wa ndoo na kitako chake havina upana sawa wa kufunguka: kitako, kwa kuwa kiko chini zaidi, kinafunguka kuliko mdomo. Watoto wakishagundua hilo wanazunguka nyumba nzima wakitazama masufuria na vikombe. Jambo lingine ni zile ncha mbili za pembeni. Wanaoanza huzichonga kali kama za mtumbwi, kumbe hata ungo ukilala namna gani, ukingo wake hauna kona; unazunguka hadi mwisho.

Penseli na mkono ulionyooka ni chombo anachoondoka nacho. Ningeweza kumwambia "ungo wako umesimama, ulaze", naye angeulaza kwa kunitii, na siku inayofuata angesimamisha sinia. Sasa ana njia ya kujikosoa mwenyewe nisipokuwepo, na kwangu mimi hilo ndilo lengo la kazi yote.

Jambo moja sikubaliani nalo kabisa ni kuchukua penseli na kurekebisha juu ya mchoro wa mwanafunzi. Najua walimu wazuri wanaofanya hivyo, tena kwa nia njema. Lakini mistari yangu ina uzoefu, ya kwake haina, na ikikutana kwenye karatasi moja, ya kwake inaonekana takataka. Mtoto anaondoka na mchoro ambao si wake tena. Nikihitaji kuonyesha kitu, nachora pembeni, kwenye karatasi nyingine, tena kitu kingine chenye tatizo lilelile: yeye ana ungo, mimi nachora kikombe.

Kuna kisa cha kweli ninachokifikiria mara nyingi. Mwaka 1885 Vincent van Gogh alikuwa Nuenen, kusini mwa Uholanzi, ana miaka 32, na alikuwa ameanza kuchora kwa dhati mwaka 1880 tu. Alichora familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa, akatengeneza pia toleo la litografia, yaani picha inayochapishwa kutoka kwenye jiwe, na kumpelekea rafiki yake Anthon van Rappard, mchoraji aliyesomea chuo cha sanaa. Rappard alimjibu kwa barua kali. Alisema kazi ile haikufanywa kwa uzito. Aliuliza kwa nini yule mwanamume wa upande wa kulia hana goti, wala tumbo, wala mapafu, na kwa nini mkono wake ni mfupi mno, na pua yake imekosa nusu. Kisha akamshangaa anathubutuje kuwataja wachoraji wakubwa kama Millet huku akifanya kazi namna hiyo. Van Gogh aliirudisha barua kwa mwenyewe. Waliandikiana tena baadaye, lakini urafiki wao wa miaka kadhaa haukupona.

Ukiitazama picha ile unaona kwamba mengi aliyoyasema Rappard yana msingi. Mikono ina maumbo ya ajabu, miili haikai vizuri nyuma ya meza. Swali la goti ni swali zuri kabisa: linamrudisha mchoraji kwa mtu aliyekaa, akatafute mguu unapita wapi chini ya nguo. Kilichoharibu ni vile alivyoyamwaga yote kwa pamoja, akayafunga na hukumu juu ya nafsi ya mwenzake, kwamba hana bidii na hana haki. Van Gogh aliyekuwa amechora vichwa vya wakulima majira yote ya baridi alisikia hukumu, na ni nani angebaki na sikio la kusikia goti? Mwaka huohuo alimwandikia Rappard kwamba anaendelea kufanya asichokiweza bado, ili ajifunze kukiweza. Sijui kama kuna maelezo bora ya mtu anayejifunza kuchora.

Na hapa barazani kwetu, swali la goti liliulizwa na mtu ambaye hajawahi kushika penseli ya kuchorea. Mama yangu aliuchukua ule mchoro, akausogeza mbali na macho, akautazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, huyu ni mimi. Lakini huu ungo nimeuweka juu ya nini?"

"Juu ya mapaja, bibi."

"Mapaja yako wapi?"

Binti akamtazama bibi yake, safari hii kuanzia chini: nyayo zilivyotokeza upande, magoti yalivyoinua kanga, mkunjo mmoja mrefu ulivyotoka goti hadi goti. Hakusikia vibaya hata kidogo. Maneno yale yalikuwa na upendo, na yalikuwa na mahali pa kwenda kutazama.

Kuhusu macho tulisubiri. Kipimo chenyewe ni rahisi: kwa mtu mzima anayekutazama usoni, macho yako karibu katikati ya kimo cha kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Wanaoanza huyapandisha kwa sababu paji la uso na utosi havina cha kuvutia, hivyo wanavipunja nafasi. Mtandio unaongeza tatizo, maana unaficha fuvu na mtoto anasahau kwamba chini ya kitambaa kuna kichwa kizima. Huwa nawaambia wajipime wenyewe kwa vidole, kutoka kidevuni hadi kona ya jicho, kisha kutoka hapo hadi utosini. Sikio nalo huanzia karibu na usawa wa nyusi na kuishia karibu na chini ya pua, ingawa kwa wazee masikio na pua hurefuka. Na mtu akiinama kama bibi anapochagua mchele, vipimo vyote vinashuka na kubanana, kwa hiyo vichukuliwe kuwa pa kuanzia tu. Anayeamua ni bibi mwenyewe pale alipokaa.

Kabla ya kumlaumu mtu kwa mchoro uliofifia, tazama penseli yake. Ndani ya penseli kuna unga wa grafiti uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na rangi yake hafifu, hizo ndizo za H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, ndizo za B. HB iko katikati, na ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Mtoto akiikandamiza apate weusi wa nywele anapata mfereji unaong'aa ambao raba haiuondoi. Apewe 4B au 6B moja ya kuongezea, au aonyeshwe kuweka tabaka juu ya tabaka za mistari myepesi inayopishana. Na kidole kikae mbali: mafuta ya ngozi yanaganda kwenye karatasi, na kivuli kilichosuguliwa hakina upande wala mwelekeo. Hili nalo ni la baadaye, baada ya ungo kulala.

Wakati mwingine mchoro unaoletwa umetoka kwenye picha ya simu. Basi omba uione picha hiyo, vinginevyo unakosoa kwa kubahatisha. Simu ikishikwa karibu na uso huivimbisha pua na kuyarudisha masikio nyuma, na mtoto anayechora kwa uaminifu anavichora hivyo hivyo. Ukimwambia amekosea pua, umemwonea. Siwapingi wanaochora kutoka kwenye picha. Wapo vijana mahodari wanaoishi kwa kazi hiyo, na miraba yao ni ufundi. Ila kwa anayeanza namsukuma kwenye kitu halisi. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alikuwa na kauli mbiu yake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Sidhani alikuwa anazuia watu kujifunza kwa kutazama. Naichukua kama onyo kwa anayenakili kivuli kilichokwisha kuamuliwa na mashine huku bibi mwenyewe amekaa pale, anapumua, anageuza kichwa.

Kuna suala la nani anasikiliza. Mtoto akiniletea mchoro mbele ya wenzake, namwambia lililo zuri hapo hapo, na swali namwachia pembeni. Akiwa ameuleta kwa furaha tu, hajauliza chochote, simpi kosa lolote siku hiyo. Namuuliza alichora nini na alikaa wapi, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayefika kwenye "ila hapa pamenishinda". Mlango huo akiufungua yeye, naingia.

Binti wa kaka aliuchora upya mchoro wa bibi. Alianza na umbo zima kwa mistari hafifu, kutoka mtandioni hadi nyayoni, akapata nafasi ya miguu. Ungo umelala. Magoti yapo, na kanga imeanza kukunjika juu yake, japo maandishi bado yamenyooka. Mgongo umekuwa mkakamavu kidogo kuliko wa mwanzo, jambo la kawaida mtu anapozingatia kitu kipya, nami sikulitaja. Macho bado yako juu. Nilizungumzia ungo na magoti tu. Nimemwomba aandike tarehe nyuma ya karatasi zote mbili na asichane hata moja. Kwa sasa anataka kujifunza mikono, kwa hiyo anachora mkono wake wa kushoto, umeshika kikombe, na ameambiwa vidole avichore mwisho: kwanza umbo zima la mkono pamoja na kikombe, halafu ile nafasi tupu kati ya kiganja na kishikio.